Nani Atamchinja Fahali wa Abosede

Nyumba ya Olosan,
Iwo.
30 Novemba 2003

Kwako Abosede, binti wa marehemu kaka yangu,

Sijui kama huko Jos habari za mji wetu zinafika, lakini nikuambie tu kwamba bila mimi Iwo haili nyama. Wakubwa wa mji huahirisha karamu nikiwa na mafua. Juzi, siku ya pili ya Idi, fahali mmoja alikata kamba sokoni, akatawanya wauza viazi vikuu, watu wakakimbilia juu ya mapaa. Mimi nilikuwa nimekaa nakunywa uji. Nikamtazama tu. Akapiga magoti mwenyewe na kugeuza shingo kuelekea kibla. Muulize mtu yeyote, isipokuwa mke wangu Rafatu, ambaye hakuwepo na bado anatoa ushahidi.

Sisi hatujambo. Bibi yako ni mzima, anagombana na redio kila asubuhi kana kwamba mtangazaji ni mkwe wake. Paa la upande wa marehemu baba yako tumeliziba. Kaburi lake pale kanisani nimelipalilia mwenyewe kwa mikono hii ya Kiislamu, na mlinzi wa kanisa akanipa maji ya kunywa.

Sasa tuingie kwenye jambo lenyewe. Nimeipata barua yako kuhusu huyo Davou, kijana wa Kiberom, kabila la huko Jos, unayesoma naye uchungaji. Nimesema ndiyo. Wachungaji wawili chumba kimoja! Watoto wenu watalia kwa aya. Harusi iwe hapa nyumbani baada ya Pasaka, kama ulivyoomba, na fahali nimeshamchagua. Ana nundu kama kilima, na kisu changu tayari kiko kwa mhunzi kinanolewa.

Unajua mwenyewe utaratibu wa nyumba hii. Babu yako alizaa Waislamu na Wakristo chini ya paa moja, na tangu afe, kila kinacholiwa na wote nakichinja mimi. Kondoo wa Idi ni mimi. Kuku wenu wa Krismasi ni mimi. Kondoo wa siku uliyopewa jina, baba yako akisimama pembeni na Biblia yake, ni mimi pia. Ndiyo maana nyumba ya Olosan ina chungu kimoja, na hakuna mtu anayeuliza kabla ya kunawa.

Niandikie tarehe. Simu usinipigie, inakatika kabla sijafika kwenye salamu za Bibi.

Baba yako mdogo,
Mufutau


Jos,
21 Desemba 2003

Kwa Baba Mdogo,

Nakusalimu nikiwa nimepiga magoti, ingawa hunioni. Msalimie Bibi, mwambie redio haina kosa. Msalimie Mama Rafatu, na mwambie namwamini yeye kuhusu yule fahali wa sokoni.

Huku baridi imeanza, vumbi la Harmattan, ule upepo mkavu wa jangwani, limeingia mpaka kwenye kurasa za vitabu. Mitihani imekwisha. Davou anakusalimu sana. Anasema hajawahi kuona mtu akisifiwa kwa barua namna ile na mtu huyohuyo anayeiandika. Tarehe ni Jumamosi ya 24 Aprili.

Baba Mdogo, nina ombi, na nimeliandika na kulichana mara nyingi. Naomba siku hiyo usichinje wewe.

Usiitupe barua. Nisikilize kwanza. Katika ushirika wetu huku wapo wasiokula nyama iliyotajiwa jina la Mungu kwa kisu cha Muislamu. Mtume Paulo alifundisha kwamba tukila tuwafikirie walio dhaifu, tusile kitu kitakachomwangusha mwenzetu. Nilidhani tunaweza kuwa na vyungu viwili. Cha upande wenu uchinje wewe. Cha wageni wa Jos kichinjwe na mtu wao. Meza ziwe karibu na wali uwe mmoja.

Najua ninachokiomba. Nimekulia mapajani mwako na harufu ya kile kisu naijua. Tafadhali usinijibu kwa hasira.

Binti yako,
Abosede


Nyumba ya Olosan,
Iwo.
11 Januari 2004

Kwako Abosede,

Bibi hajambo. Rafatu hajambo. Mbuzi wa jirani amekula kofia yangu. Hizo ndizo habari za nyumbani.

Vyungu viwili! Nilipomsomea Bibi, aliizima redio. Unajua ni lini mara ya mwisho Bibi alizima redio? Akasema, "Mwambie mimi nilipika chungu kimoja nikiwa na mume Muislamu, mtoto wa kwanza Mkristo, na wa pili mwongo." Wa pili ni mimi. Nimekusamehe hata hilo.

Sasa nisikilize kitaalamu. Mimi sikumaliza darasa la nne, hilo linajulikana, lakini elimu nimeisikia kwa masikio yote mawili, moja upande wa msikiti na jingine upande wa baba yako. Mwaka ule mhubiri wa vipaza sauti alipokuja kituo cha magari kutangaza kwamba Waislamu wa Iwo wanaabudu mwezi, nani alimsimamisha? Tulibishana siku tatu, yeye juu ya gari, mimi chini. Siku ya nne alikuwa ananishikia mwavuli.

Nikamwambia yeye, na wewe nakuambia. Kwanza, hilo jina. Kanisani kwenu mchungaji akiomba anamwita Olorun, Mungu kwa lugha yetu. Msikitini kwetu Alfa, imamu wetu, akihutubia anamwita Olorun. Nikikata koo namtaja yeye huyo, aliyeumba huyo ng'ombe na majani aliyokula. Kama Miungu ni wawili, basi mmoja wao kwa miaka yote hii anajibu barua za mwenzake.

Pili, huyo Paulo wenu. Baba yako alikuwa akimsoma kwa sauti na ukuta wetu ni mwembamba. Paulo alizungumzia nyama ya masanamu. Mimi ni sanamu, Abosede? Niangalie vizuri. Sanamu gani lina tumbo hili?

Tatu, Ibrahimu. Ninyi mnasema mtoto aliyelazwa alikuwa Isaka. Sisi tunasema Ismaili. Haya, tubishane mpaka kiama. Kondoo je? Kondoo alikuwa mmoja! Na mimi siku zote nachinja kondoo, sijawahi kuchinja mtoto.

Kwa hiyo chungu ni kimoja, na nimeshasema. Ukitaka vyungu viwili tafuta baba mdogo mwingine, uone kama kuna atakayekubali tabia yako ya kuchana barua.

Lakini nimeisoma yako mara nyingi na kuna kitu kimenisumbua. Unasema "wapo wasiokula". Wapo akina nani? Wewe tangu utotoni ukitaka kuficha mtu unasema "wapo". Ulipovunja kioo cha Rafatu ulisema wapo waliovunja. Huyo aliye dhaifu ana jina. Nipe jina lake nimshinde kwa hoja.

Mimi,
Mufutau Olosan


Jos,
27 Februari 2004

Kwa Baba Mdogo,

Salamu kwako, kwa Bibi na kwa Mama Rafatu. Samahani nimechelewa. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nakaa mezani, naandika salamu, kisha naishia hapo.

Nianze na hoja zako, kwa sababu ulizileta kwa nguvu na unastahili jibu. Uliposema Mungu hawezi kuwa wawili, nilicheka, kisha nikakubaliana nawe. Mwalimu wetu mmoja hakubali, lakini mimi nakubali. Aliyekusikia wewe ukitaja jina lake juu ya kondoo wa siku niliyopewa jina ndiye aliyemsikia baba. Siwezi kuamini vinginevyo na bado niwe mtoto wa nyumba ile.

Lakini kondoo, Baba Mdogo. Kwangu yule kondoo hakuishia kwenye kichaka cha Ibrahimu. Ninyi mnasema Mungu hakumwacha Isa auawe msalabani, alimwokoa na aibu ile. Sisi tunasema Mungu mwenyewe aliingia ndani ya aibu ile, akawa yeye kondoo. Hapo hatukutani. Sitaki kujifanya tunakutana ili harusi ipite. Nakuheshimu mno, siwezi kukudanganya.

Ila si hapo penye shida ya chungu. Umeniuliza jina. Jina ni Ngo Kaneng, mama yake Davou. "Ngo" ndivyo wanavyomwita mama mtu mzima.

Wakati wa zile ghasia za kidini za huku, mume wake alikwenda kufunga duka. Kundi lililomkuta na kumuua lilikuwa na visu, na lilikuwa likilitaja jina la Mungu kwa sauti, yale maneno unayoyataja wewe. Ngo Kaneng alikuwa nyuma ya ukuta na aliyasikia. Tangu siku hiyo akisikia maneno yale na akiona kisu mahali pamoja, mikono inamganda. Si chuki. Jirani yake Muislamu nyumba yake ilichomwa wiki hiyo hiyo na vijana waliokuwa wakiimba nyimbo za kanisani, nyimbo ninazoimba mimi, na Ngo Kaneng ndiye aliyemficha jirani huyo jikoni kwake na watoto wake. Lakini mikono inamganda.

Aliniomba nisikuandikie. Alisema, "Wazee wa kwenu watadhani nawatukana." Ndiyo maana nikaleta Paulo. Paulo hakuwa na kosa, nilimsukuma tu mbele nijifiche nyuma yake.

Sasa una jina. Mshinde kwa hoja kama unaweza. Mimi sikuweza.

Abosede


Nyumba ya Olosan,
Iwo.
24 Machi 2004

Kwako mwanangu Abosede,

Sote tu wazima. Nimechelewa kwa sababu ya malaria kali ambayo ingemuua mtu wa kawaida. Rafatu anasema sikuwa na malaria, nilikuwa nimekaa uani nikitazama kisu. Rafatu hakusomea udaktari.

Kuhusu Isa sitakubali, na wewe hutakubali, na hilo nimeliweka juu ya kabati. Sisi tunasema Mungu hawezi kumwacha mtume wake aaibishwe, na kwetu hiyo ni heshima kwa Mungu. Ninyi mnasema alikubali kuaibishwa. Nilikuwa nadhani mnasema hivyo kwa kumdharau. Sasa naona mnasema kwa kumpenda. Sijahama nilipo, Abosede, lakini naiona nyumba yenu kutoka dirishani kwangu.

Kuhusu Ngo Kaneng sina hoja. Nilitafuta. Mtu aliyemnyamazisha mhubiri wa vipaza sauti alikaa na karatasi tupu.

Nikaenda kwa Alfa Raji. Nikamkuta anakata kucha.

"Alfa, Mkristo akichinja, Muislamu anaruhusiwa kula?"

"Kwani umeumwa mkono?"

"Mkono ni mzima."

"Basi chinja mwenyewe, uniache na kucha zangu."

"Alfa, nijibu swali."

Akaniangalia. Akasema, "Chakula cha watu wa Kitabu tumehalalishiwa. Akate koo sawasawa, damu itoke, ataje jina la Mungu peke yake. Ikiwa hivyo, si kibudu, nami nitakula wa kwanza. Lakini Mufutau, Mkristo gani wa mji huu anajua kuchinja ng'ombe? Umewadekeza. Miaka yote hii wanasimama pembeni wameshika sahani."

Basi nimeamua, na nikiamua mimi hata mvua husubiri. Kisu nampa Davou. Fahali ni mmoja na chungu ni kimoja. Mimi sitakigusa kisu, wala maneno yale hayatatoka mdomoni mwangu siku hiyo. Nimemwapia Bibi. Bibi akasema, "Kisu kikitoka mkononi mwako utabaki na nini cha kujisifia?" Nikamwambia nitapata.

Mwambie Davou aseme "kwa jina la Mungu" na aishie hapo, asiongeze. Najua ni mchungaji na ulimi utamwasha. Mwambie si kumkana Isa wake. Ni kama mtu anayebisha hodi kwa jina la mwenye nyumba. Habari za ndani atazungumza ndani. Na aanze kujifunza. Huko Jos kuku hawakosekani, aanze nao.

Ngo Kaneng asiambiwe kwamba nimejua. Mwambie tu ndiyo desturi yetu, bwana harusi huchinja. Ni uongo, lakini ni wangu, niachie mimi.

Baba yako mdogo,
Mufutau


Jos,
6 Aprili 2004

Baba Mdogo,

Naandika kwa haraka, dereva anasubiri barua. Davou amekubali, baada ya kuomba siku mbili na kukasirika moja. Amechinja kuku wanne. Wa tatu alikimbia.

Uongo wako haukudumu. Ngo Kaneng aliniuliza mara moja tu, nikashindwa. Anajua yote, na anajua ulikuwa unajua. Amekwenda kushona nguo ya harusi.

Tunakuja.

A.


Jos,
16 Mei 2004

Kwa Baba Mdogo,

Nakupigia magoti tena, safari hii kama mke wa mtu. Bibi hajambo? Mama Rafatu? Tulifika salama. Nyumba yetu ina chumba kimoja na nusu, na nusu imejaa zawadi za ukoo wa Olosan. Nani anahitaji mabeseni tisa?

Watu huku bado wanaizungumzia harusi. Lakini wakati fahali anachinjwa mimi nilikuwa ndani navalishwa, nikisikia makelele tu, na sasa kila mtu ananisimulia yake. Davou anasema mambo yalikwenda vizuri, kisha anaondoka chumbani. Nisimulie wewe, na kwa mara moja nakuomba usinitilie chumvi.

Na kuna jingine, ndilo linalonikosesha raha. Jana Ngo Kaneng aliniambia, "Yule mzee hakula." Nikamwambia haiwezekani. Akasema alikaa karibu nawe, aliitazama sahani yako kwa sababu alitaka kuona ukila, na ikarudi jikoni na nyama yake yote. Akasema, "Alimpa mwanangu kisu kwa adabu, lakini nyama yetu imemshinda kumeza. Simlaumu. Mimi nami ningeshindwa." Kisha akaenda kulala mapema.

Baba Mdogo, wageni wote walikula. Alfa Raji aliongeza mara mbili, nilimwona. Kama moyo wako ulikataa, niambie, sitakasirika. Lakini nisibaki nakisia. Yeye alikula nyama ile, Baba Mdogo. Alikula mbele yako.

Ulikula au hukula?

Abosede


Nyumba ya Olosan,
Iwo.
29 Mei 2004

Kwako Abosede, mke wa Davou,

Bibi ni mzima, anataka beseni moja lirudi. Rafatu ni mzima. Mvua zimeshika.

Nitakusimulia bila chumvi, ingawa itaninyima ladha.

Davou alitoka amekunja mikono ya shati na kunawa mpaka kwenye viwiko, kama daktari. Mimi nilisimama barazani, mikono nyuma, kama nilivyoapa. Ngo Kaneng alikaa kwenye kigoda, mgongo wake umeelekea uani. Vijana wakamfunga fahali miguu ya nyuma kwanza. Ya nyuma kwanza, Abosede! Hata mtoto anajua. Nikapiga kelele, "Ya mbele! Ya mbele!" Wakachanganyikiwa, fahali akainuka, akamburuta mumeo mpaka kwenye kamba ya nguo na kurudi na kitenge cha Bibi kwenye pembe. Bibi akapiga kelele dirishani, "Kitenge changu kwanza, ng'ombe baadaye!"

Wakamlaza tena. Davou akashika kisu kama mtu anayekata keki. Mimi kule barazani, "Shingo ivute nyuma! Usikwaruze, kata! Mguu! Mguu wako, bwana, ondoa mguu wako!"

Ndipo Ngo Kaneng akageuka kwenye kigoda chake. Akasema, na kila mtu alimsikia, "Huyu baba ana makelele kama jenereta. Mwambieni aje amshike mwanangu mkono kabla hajajikata."

Nikamwambia, "Mama, niliahidi."

Akasema, "Uliahidi kutoshika kisu. Mkono wa mwanangu si kisu."

Nikashuka. Nikamshika Davou kifundo cha mkono. Kwa mkono wangu wa kushoto nilijiziba mdomo, kwa sababu ulimi wangu ni mzee na una mazoea yake. Davou akasema, "Kwa jina la Mungu," kwa sauti, akaishia hapo. Tukakata mara moja, ikapita safi.

Ngo Kaneng alikuwa anatazama. Jina lilipotajwa alifumba macho. Kisha akayafumbua. Sikuona zaidi ya hapo na sitaongeza, ingawa unajua naweza.

Sasa hiyo sahani.

Nilianza kuandika kwamba nilikuwa nimefunga. Nikakata. Nikaandika kwamba daktari mkubwa kutoka Ibadan amenikataza nyama nyekundu kwa sababu damu yangu ina nguvu nyingi. Nikakata, umeona hapo juu karatasi ilivyochafuka. Nikafikiria niiache barua ikae mwezi, mambo yapoe. Kisha nikamfikiria yule mama akilala mapema.

Moyo wangu haukukataa. Mwambie hivyo kwanza, kabla ya mengine. Mwambie Alfa alisema halali, na hata asingesema, nyama ile nisingeiita kibudu, kwa kuwa niliushika mkono ulioichinja na nikaona jinsi ulivyoogopa kukosea. Mchuzi wake nilikunywa mabakuli mawili, aulizwe Rafatu, na safari hii Rafatu aaminiwe. Nilikunywa mpaka nikalamba bakuli.

Ila nyama, Abosede, siwezi kutafuna. Magego yangu yameisha. La mwisho lilitoka mwaka juzi likiwa ndani ya kipande cha muhogo. Nyumbani Rafatu ananipondea chakula kwenye kinu mlango ukiwa umefungwa. Kwenye karamu naweka kipande mdomoni, nakizungusha huku natikisa kichwa kwa utamu, kisha nakitemea kwenye leso. Siku ya harusi yako kanzu ilikuwa mpya na fundi alisahau mfuko, sikuwa na mahali pa kuficha leso, nikaiacha sahani.

Mwambie Ngo Kaneng kwamba mchinjaji mkuu wa Iwo ni kibogoyo. Mwambie akiwa peke yake. Na Davou usimwambie.

Baba yako mdogo,
Mufutau